Namna ya kukata rufaa ya kesi ya dawa za kulevya kwa hoja kwamba ushahidi haukutosha

Swali hunijia kwa maneno tofauti, lakini ni lilelile. "Mdogo wangu kafungwa miaka thelathini, mashahidi wote ni askari, tufanyeje?" "Baba kakutwa na kete ambazo si zake, rufaa inaandikwaje?" "Tuna siku ngapi?" Nimelijibu kwa simu, kwenye korido za mahakama na kwenye foleni ya lango la gereza. Leo naliandika lote pamoja, ili anayeuliza kesho apate pa kuanzia usiku huohuo, kwa sababu katika rufaa siku moja ni kitu kikubwa.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake. Unamhusu aliyetiwa hatiani chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Sura ya 95, ile ya 2015 iliyorekebishwa 2017. Kama mashtaka yanasema "kusafirisha dawa za kulevya", usihangaike kueleza kwamba ndugu yako hakuwa safarini. Kwa tafsiri ya sheria hiyo, neno hilo limebeba kuuza, kununua, kugawa, kuhifadhi, kusambaza na hata kumiliki. Adhabu zake unazijua kwa uchungu: kifungu cha 15A ni miaka 30, na kifungu cha 15, kwa mfano heroini au kokeini inayozidi gramu 200, ni kifungo cha maisha.

Jambo moja lishike tangu mwanzo. Rufaa ya ushahidi haishindi kwa kueleza kwamba mtu kaonewa, hata kama ni kweli kaonewa. Inashinda kwa kuifuata pakiti ya dawa anayodaiwa kukutwa nayo. Ilitoka wapi, ikashikwa na nani, ikalala wapi, ikapimwa na nani, ikafikaje mezani kwa hakimu. Palipo na pengo kati ya mkono mmoja na mwingine ndipo shaka ilipo, na shaka ni mali ya mshtakiwa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Nakala ya hukumu.
- Nakala ya mwenendo wa kesi, yaani maandishi ya kila alichosema kila shahidi na kila amri ya mahakama.
- Hati ya mashtaka, pamoja na kibali cha DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka. Makosa haya ni ya uhujumu uchumi, kwa hiyo kama kesi ilisikilizwa na mahakama ya chini lazima pia iwepo hati ya DPP ya kuipa mahakama hiyo mamlaka.
- Nakala za vielelezo: hati ya ukamataji, fomu ya kupeleka sampuli, ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali, maelezo ya onyo (yale anayoandikwa mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa) kama yapo.
- Namba ya kesi, jina la mahakama, tarehe kamili ya hukumu na ya adhabu.
- Daftari moja na kalamu za rangi mbili. Utaona kazi yake kwenye hatua ya 4.

Kuhusu namba za vifungu: ninazotaja ni za Toleo la 2022 na yaliyotangulia. Toleo la 2023, lililoanza kutumika 2025, limesogeza namba nyingi, kwa hiyo kabla ya kunakili namba kwenye karatasi ya mahakama, ihakiki kwenye toleo jipya. Hoja zenyewe hazibadiliki.

Na lugha isikutishe. Tangu marekebisho ya 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, kwa hiyo rufaa yako unaweza kuiandika kwa Kiswahili kizuri cha kawaida. Mwenendo wa kesi za zamani huenda ukaukuta kwa Kiingereza; hapo tafuta mtu wa kukusomea neno kwa neno, asiwe wa kukuambia "kwa kifupi wanasema hivi".

Hatua ya 1: Jua rufaa inakwenda mahakama gani

Kama hukumu ilitoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, rufaa ya kwanza inakwenda Mahakama Kuu. Kama ilitoka Mahakama Kuu, ikiwemo Divisheni ya Makosa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi, rufaa inakwenda moja kwa moja Mahakama ya Rufani.

Faida ya rufaa ya kwanza, popote inaposikilizwa, ni kwamba mahakama ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe. Haifungwi na alichoona hakimu, isipokuwa kwamba itakumbuka kuwa hakimu ndiye aliyewaona mashahidi wakizungumza. Hii ndiyo nafasi yako kubwa ya kubishania ushahidi. Ukiitumia vibaya, huku mbele mlango unakuwa mwembamba sana.

Hatua ya 2: Toa notisi ya kusudio la kukata rufaa

Kutoka mahakama ya chini kwenda Mahakama Kuu: siku 10 tangu tarehe ya hukumu au adhabu, kwa kifungu cha 361 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani: siku 30, kwa Kanuni ya 68 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009.

Notisi ni karatasi fupi. Haina hoja ndani yake. Inataja mahakama inayokwenda, namba ya kesi, jina la mrufani, tarehe ya hukumu, na kwamba anakusudia kukata rufaa dhidi ya kutiwa hatiani na adhabu. Andika vyote viwili. Nimeona notisi iliyotaja adhabu peke yake, na mrufani akajikuta anaanza kujieleza kwa nini sasa analalamikia na kutiwa hatiani.

Mfungwa hahitaji kusubiri wakili. Anamwambia ofisa wa gereza siku anayofika kwamba anataka kukata rufaa. Gereza lina fomu, anaweka dole gumba au saini, na mkuu wa gereza ana wajibu wa kuipeleka. Wewe uliye nje, ukienda kumwona wiki hiyo ya kwanza, swali lako la kwanza liwe: "Umeshaweka dole gumba kwenye notisi? Tarehe ngapi?" Iandike tarehe hiyo.

*Kosa la kawaida:* familia inatumia siku zote kumi kutafuta wakili na fedha zake. Notisi haisubiri wakili.

Hatua ya 3: Omba nakala, kwa barua, zigongwe muhuri

Andika barua kwa mahakama iliyotoa hukumu, omba nakala ya hukumu, mwenendo na vielelezo. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwao, nyingine wakugongee muhuri wa kupokea wenye tarehe. Hiyo yenye muhuri iweke kama dhahabu.

Sababu ni hii. Rufaa yenyewe kwenda Mahakama Kuu inatakiwa iwasilishwe ndani ya siku 45, lakini muda uliotumika kusubiri nakala hauhesabiwi. Atakayebishana nawe kuhusu siku atanyamaza akiona muhuri. Bila muhuri unabaki na maneno ya mdomo.

Hatua ya 4: Ifuate pakiti ndani ya mwenendo

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo ninapoomba usiwe na haraka. Soma mwenendo mara ya kwanza bila kuandika chochote. Mara ya pili shika kalamu mbili. Rangi moja ni ya kila mahali dawa inapotajwa: idadi, uzito, kifungashio, rangi, alama. Nyingine ni ya kila mahali inapobadilisha mkono: nani kampa nani, tarehe gani, saa ngapi.

Kisha kwenye daftari panga mistari. Tuseme mwenendo wako umetoa picha hii:

- SM1, ukurasa wa 14: alikamata kete 52 kwenye mfuko mweusi wa nailoni, akaziweka kwenye bahasha ya kaki, akamkabidhi mtunza vielelezo kituoni saa 4 usiku, tarehe 12 Machi.
- SM3, mtunza vielelezo, ukurasa wa 21: alipokea bahasha asubuhi ya tarehe 13 Machi kutoka kwa "mpelelezi". Jina hakulitaja.
- SM5, mkemia, ukurasa wa 29: alipokea bahasha tarehe 20 Machi kutoka kwa koplo mmoja, ikiwa na kete 50.

(SM ni shahidi wa mashtaka, kwenye mwenendo wa Kiingereza utaona PW.) Tazama sasa mistari hiyo mitatu. Usiku wa tarehe 12 hauna mwenyewe: SM1 anasema aliikabidhi usiku, SM3 anasema aliipokea asubuhi, tena kwa mtu mwingine. Koplo aliyeibeba hadi maabara hakuja mahakamani. Kete mbili hazipo. Hakimu anaweza kuwa ameandika "mnyororo wa utunzaji haukukatika", lakini karatasi zake mwenyewe zinasema vingine, na huna haja ya kumwita mtu yeyote mwongo.

Msingi wa hoja hii ni uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika Paulo Maduka na wenzake wanne dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007: panatakiwa kumbukumbu za mfuatano, za maandishi, zinazoonyesha ukamataji, utunzaji, uhamishaji, uchunguzi na kutolewa kwa kielelezo. Polisi wenyewe wana mwongozo wao, PGO 229, unaotaka kielelezo kiwe na lebo (PF 145) na kiingizwe kwenye daftari la vielelezo (PF 16). Uliza: daftari hilo lilitolewa mahakamani? Lebo ilielezwa na shahidi yeyote?

*Tahadhari muhimu.* Usiandike "hapakuwa na karatasi za makabidhiano, kwa hiyo mnyororo umekatika" ukaishia hapo. Mahakama ya Rufani imeshalegeza katika kesi kadhaa: kama mashahidi walioshika kielelezo walikuja wote na kueleza kwa mdomo bila kupingana, karatasi kukosekana si mwisho wa kesi. Vilevile kwa vitu visivyobadilishwa kirahisi, kama gari, mahakama haibani sana. Unga uliomo kwenye bahasha ni kitu kinachobadilishwa kirahisi, na lisemee hilo wazi. Hoja yenye nguvu ni ile inayoonyesha kwamba karatasi hazipo *na* midomo haikuziba pengo.

Hatua ya 5: Pima kila kipande cha kosa

Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ilipaswa kuthibitisha kila kimoja kati ya hivi, pasipo kuacha shaka. Jiulize kimoja kimoja.

*Je, vilikuwa vya mrufani?* Kumiliki si kukutwa karibu tu. Moses Charles Deo dhidi ya Jamhuri [1987] TLR 134 (TLR ni vitabu vya hukumu za Tanzania) inataka ithibitike kwamba mtu alijua kitu kipo na alikuwa na udhibiti nacho, au kilifika hapo kwa mpango wake. Chumba kilikaliwa na watu wangapi? Begi lilikuwa kwenye basi, chini ya kiti cha nani, na nani alisema ni lake? Funguo zilikuwa kwa nani?

*Je, aliuza?* Kama mashtaka yanataja kuuza kwa askari aliyejifanya mnunuzi, mtafute huyo mnunuzi kwenye orodha ya mashahidi. Fedha za mtego zilitolewa kama kielelezo? Namba za noti ziliandikwa kabla? Kuna aliyeona mkono ukipokea fedha, au wote walifika baada ya kuitwa?

*Je, ni dawa za kulevya kweli?* Hapa ni ripoti ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Linganisha alama za sampuli kwenye fomu ya kupeleka na alama kwenye ripoti, herufi kwa herufi.

*Uzito ni upi?* Uzito ndio unaochagua kifungu na adhabu. Ulipimwa wapi, mshtakiwa akiwepo au la, ukiwa na vifungashio au bila? Uzito wa hati ya mashtaka, wa mkemia na wa hukumu unalingana?

Hatua ya 6: Angalia vielelezo viliingiaje kwenye kesi

Kielelezo cha karatasi kinatakiwa kwanza kikubaliwe na mahakama, halafu kisomwe kwa sauti ili mshtakiwa ajue kilichomo. Huo ni utaratibu wa Robinson Mwanjisi na wenzake dhidi ya Jamhuri [2003] TLR 218. Tafuta kwenye mwenendo maneno yanayoonyesha kwamba ripoti ya mkemia na hati ya ukamataji zilisomwa. Kama hayapo, omba kielelezo kifutwe kwenye kumbukumbu.

Lakini usisherehekee bado. Hati ya ukamataji ikifutwa, ushahidi wa mdomo wa askari aliyepekua unaweza kubaki na ukatosha. Ripoti ya mkemia ikifutwa, angalia kama mkemia mwenyewe alikuja na kueleza matokeo kwa mdomo. Kwa hiyo andika hoja yako mpaka mwisho: kielelezo kifutwe, na kikishafutwa, ushahidi uliobaki unapungukiwa hiki na hiki.

Kwa upekuzi, angalia kifungu cha 38(3) cha Sura ya 20: hati yenye saini ya mwenye nyumba na mashahidi waliokuwepo. Shahidi huru, yaani jirani, mjumbe au kondakta, alisaini? Aliitwa mahakamani? Kama walikuwa askari peke yao katikati ya mtaa wenye watu, uliza kwa nini. Mahakama haikatai ushahidi wa askari kwa sababu ni askari. Inaanza kusita pale ambapo shahidi huru alikuwepo, akasaini, na hakuletwa bila maelezo. Soma Aziz Abdalah dhidi ya Jamhuri [1991] TLR 71.

Kama dawa ziliteketezwa kabla ya kesi kwisha, tazama kama mshtakiwa alikuwepo na akapewa nafasi ya kusema neno.

Hatua ya 7: Mikanganyiko na utetezi

Mashahidi kutofautiana dakika kumi hakumwachii mtu. Kutofautiana ni nani aliyeshika begi, au zilikuwa kete ngapi, kunagusa mzizi. Mohamed Said Matula dhidi ya Jamhuri [1995] TLR 3 inaitaka mahakama iishughulikie mikanganyiko na kuitolea uamuzi, isiiruke. Angalia kama hakimu aliiruka.

Kisha soma ukurasa wa utetezi na uulinganishe na hukumu. Kama hakimu aliandika mistari miwili tu, "utetezi wake ni wa kujinasua, naukataa", hiyo ni sababu ya rufaa inayojitegemea. Na kama alisema mshtakiwa "ameshindwa kuthibitisha" kwamba dawa si zake, iweke mstari: mtu hutiwa hatiani kwa nguvu ya ushahidi wa mashtaka, si kwa udhaifu wa utetezi wake.

Hatua ya 8: Andika sababu za rufaa

Sababu chache zenye meno ni bora kuliko kumi na tano zinazorudiarudia. Linganisha hizi mbili.

Dhaifu: "Kwamba hakimu alikosea kisheria na kiukweli kunitia hatiani wakati sikutenda kosa."

Yenye nguvu: "Kwamba mahakama ilikosea kuona mnyororo wa utunzaji wa kielelezo P1 haukukatika, wakati SM1 (uk. 14) alidai kumkabidhi SM3 usiku wa tarehe 12 Machi, SM3 (uk. 21) alidai kukipokea tarehe 13 Machi kutoka kwa mtu mwingine asiyetajwa, na aliyekipeleka maabara hakuitwa kutoa ushahidi."

Ya pili inamwonyesha jaji ukurasa wa kufungua. Jaji ana mafaili mengi mezani, mpe ukurasa.

Panga sababu za ushahidi mbele na za utaratibu nyuma, na ujue tofauti ya matunda yake. Ushahidi usiotosha matokeo yake ni kuachiwa huru. Kasoro ya utaratibu, kwa mfano kibali cha DPP kutokuwepo au mshtakiwa kutoelezwa haki zake kabla ya kujitetea, mara nyingi huleta amri ya kesi kuanza upya, na ndugu yako anarudi mahabusu. Kwa hiyo ukitaja kasoro ya utaratibu, ongeza ombi: kesi isianzwe upya, kwa kuwa hata ushahidi uliopo ni pungufu na Jamhuri itapata nafasi ya kuziba mapengo. Kanuni hiyo ni ya muda mrefu, tangu Fatehali Manji dhidi ya Jamhuri [1966] EA 343 (EA ni vitabu vya hukumu za Afrika Mashariki). Watu wengi hulisahau ombi hili, na ni mstari mmoja tu.

Epuka pia kulalamikia kasoro ndogo za uandishi, kama jina kukosewa herufi. Kifungu cha 388 cha Sura ya 20 kinaziponya zile zisizosababisha haki kupotea.

*Na hili:* sababu ya ushahidi usiyoiweka kwenye rufaa ya kwanza, Mahakama ya Rufani kwa kawaida haitaisikiliza baadaye, isipokuwa ni hoja ya kisheria. Usiweke akiba.

Hatua ya 9: Wasilisha

Rufaa kwenda Mahakama Kuu iambatane na nakala ya hukumu au uamuzi unaolalamikiwa. Mfungwa anapitisha kwa mkuu wa gereza. Aliye na wakili, wakili anawasilisha. Kwa Mahakama ya Rufani, sababu za rufaa zinawasilishwa ndani ya siku 21 tangu mrufani apewe kumbukumbu za rufaa. Baki na nakala yenye muhuri.

Hatua ya 10: Siku ya kusikilizwa

Mrufani asiye na wakili ataulizwa kama ana la kuongeza. Asianze kusimulia upya siku ya kukamatwa. Afungue daftari lake: "Mheshimiwa Jaji, naomba tutazame ukurasa wa 14 na wa 21." Wakati mwingine Wakili wa Serikali mwenyewe huunga mkono rufaa akiona pengo, hapo bado jaji ataupima ushahidi, kwa hiyo hoja zako zitolewe zote. Kama upande wa Jamhuri ukipinga, mrufani aandike wanachosema na ajibu hicho tu, kwa ukurasa.

Mkikwama

*Siku zimepita.* Omba kuongezewa muda, kwa maombi yenye kiapo. Eleza kila siku ya ucheleweshaji, usiseme tu "nilikuwa gerezani". Kama notisi ilitolewa gerezani ikapotelea njiani, pata kiapo cha ofisa wa gereza.

*Mwenendo hautoki.* Rudi na barua ya pili inayorejea ya kwanza, kisha andika kwa Naibu Msajili wa Mahakama Kuu wa kanda yenu. Mama mmoja niliyemsaidia alikwenda mahakama ileile miezi saba bila barua hata moja mkononi, kwa maneno tu ya "njoo wiki ijayo". Tulipopeleka barua iliyogongwa muhuri, alipata nakala. Kurasa zikikosekana, orodhesha namba zake na uombe zipatikane kabla ya kusikilizwa.

*Alikiri kosa mahakamani.* Kifungu cha 360 cha Sura ya 20 kinamruhusu kulalamikia adhabu tu. Isipokuwa kukiri kwenyewe kulikuwa na utata: hakuelewa, au maelezo aliyoyakubali hayaonyeshi kosa. Soma kwa makini maneno yake halisi yaliyoandikwa.

*Kuna maelezo ya onyo ambayo "alikiri" polisi.* Angalia saa ya kukamatwa na saa ya kuandikwa. Sheria inataka yaandikwe ndani ya muda wa saa nne tangu kukamatwa. Angalia pia kama alipinga yasipokelewe, na kama mahakama ilifanya uchunguzi kabla ya kuyapokea. Kama hakupinga wakati ule, hoja inakuwa nzito kuibeba sasa.

*Hakuwauliza mashahidi maswali.* Jambo muhimu lisiloulizwa huchukuliwa kuwa limekubaliwa. Jenga rufaa juu ya mambo ambayo mashahidi wenyewe walipingana, kwa sababu hayo hayahitaji swali la mshtakiwa.

*Adhabu aliyopewa ni ndogo kuliko ya sheria.* Fikirini vizuri kabla, maana mahakama ya juu inaweza kuirekebisha kwenda juu.

*Mahakama Kuu imekataa rufaa.* Notisi ndani ya siku 30 kwenda Mahakama ya Rufani, lakini sasa ni kwa hoja za kisheria. Mahakama mbili zikikubaliana kuhusu ushahidi, ya tatu haingilii ila ikionyeshwa kwamba ulieleweka vibaya. Ushahidi uliosomwa kinyume na ulivyoandikwa ni hoja ya namna hiyo, na daftari lako la kurasa bado ndilo chombo chako.

*Hatuna fedha ya wakili.* Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Mfungwa aulize gerezani kuhusu msaada huo, na wewe uliye nje nenda kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa katika wilaya yenu. Nenda na faili lililopangwa, si hadithi: notisi yenye tarehe, barua yenye muhuri, hukumu, mwenendo, na ukurasa mmoja wa daftari ulioandika mikono yote iliyoshika pakiti. Hukumu nilizotaja na nyingine nyingi zinasomeka bure kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Chapisha mbili au tatu zinazofanana na kesi yenu, pigia mstari aya husika, uziweke nyuma ya faili hilo.